Ukiyavulia Nguo Maji

Mei 1996 nilikuwa darasa la tano, Mwanza. Asubuhi ya tarehe 21 meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama ikitokea Bukoba, ikiwa imebakiza safari fupi tu kufika kwetu. Mamia ya watu walikufa maji. Jirani yetu wa nyumba ya tatu, mama aliyekuwa akituuzia ndizi kila Jumamosi, hakurudi. Wengi walizikwa Igoma, na hadi leo nikipita pale sauti yangu hushuka yenyewe.

Tangu wiki ile ziwa likawa adui nyumbani. Mama alitukataza hata kushuka mwaloni kununua dagaa. Nikakua nikilitazama Ziwa Victoria kila siku bila kuingiza mguu zaidi ya kifundo. Nilipofika miaka 38 nilikuwa bado hivyohivyo: nikijimwagia maji usoni kwa kopo, moyo huenda mbio. Nilijiambia kwamba hiyo ni tahadhari.

Kisha siku moja, kwenye bwawa la kuogelea hapa Dar es Salaam ninakoishi sasa, binti yangu wa miaka sita aliteleza akaingia upande wa kina. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Miguu ilikataa. Kijana aliyekuwa akiogelea karibu ndiye aliyemnyanyua. Mtoto akakohoa, akalia, akapona. Usiku ule sikulala. Nilielewa kwamba kitu nilichokiita tahadhari kwa miaka 26 kingeniulia mwanangu mbele ya macho yangu.

Nayaandika haya kwa mtu mwenye hofu ya namna hiyo, inayomfunga miguu. Nitazungumza zaidi juu ya maji kwa sababu ndiyo niliyopambana nayo, ila njia ni ileile kwa anayeogopa kusimama mbele ya watu, au kushika tena usukani baada ya ajali.

Kabla ya yote, badilisha kipimo. Tulio wengi tunadhani shujaa ni yule asiyeogopa, basi tunakaa tukisubiri hofu iondoke ndipo tuanze. Haiondoki, na miaka inakwenda. Mtazame kijana wa pwani ya Nungwi anayejirusha kutoka kwenye ngalawa. Anachofanya kinapendeza, lakini hakimgharimu chochote. Amezaliwa na bahari, ameizoea kama mimi nilivyozoea daladala. Mama wa miaka 38 anayezamisha uso kwenye beseni huku mikono ikitetemeka anafanya jambo kubwa zaidi. Ujasiri unapimwa kwa umbali ulioko kati ya hofu yako na kitendo chako, na umbali huo anaujua mwenye hofu peke yake.

Mwaka 1994, wakati wa kampeni za uchaguzi Afrika Kusini, Nelson Mandela alipanda ndege ndogo kwenda Natal kuhutubia. Injini moja ikazimika angani. Yeye akaendelea kusoma gazeti kwa utulivu, na waliokuwa naye wakatulia kwa kumtazama. Ndege ilipotua salama, alimweleza Richard Stengel, mwandishi aliyekuwa akimsaidia kuandika kitabu cha maisha yake, kwamba kule juu alikuwa ameingiwa na hofu kubwa. Mimi kisa hiki kilinipa ruhusa. Kama yeye aliogopa na bado mikono yake ikashika gazeti, nami naweza kuogopa na bado nikashika ngazi ya bwawa.

Wapo watakaokujibu kwa methali: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Niliisikia sana nyumbani. Naamini wazee walimwonya anayejitupa bila kufikiri, na walikuwa na haki. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni ya kalamu na karatasi.

Chora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika hatari za kweli, upande wa pili andika kile mwili wako unachokipigia kelele tu. Kwangu upande wa kwanza ulikuwa na mengi: Ziwa Victoria lina mamba na viboko, na maji yake ya kando, hasa penye majani, yana konokono wanaobeba kichocho. Bahari ina mikondo. Chombo kilichojaza watu kupita kiasi ni hatari hata kwa mwogeleaji hodari. Hofu za upande huu usizishinde. Zitii: usiogelee penye mamba, usiingie majini peke yako, usipande chombo kisicho na majaketi ya kuokolea. Upande wa pili niliandika: beseni, bomba la mvua, bwawa la maji ya kiunoni lenye mwalimu. Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka. Mimi niliumwa na meli moja, nikawa nashtushwa na kila tone. Mafunzo yote yanafanyika kwenye upande huu wa ung'ongo.

Sasa elewa namna hofu inavyonenepa. Ukikikaribia unachokiogopa, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, misuli hukaza. Ukikimbia, unapata nafuu palepale. Nafuu hiyo ni tamu, na mwili unajifunza kwamba umepona kwa sababu umekimbia. Kesho hofu inaongezeka kidogo, na kesho kutwa unaanza kukimbia mapema zaidi. Mimi nilianza kwa kuogopa meli, nikaishia kuogopa kopo.

Njia ya kurudi nyuma ina historia. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika habari za mtoto mdogo aliyemwita Peter, aliyekuwa akiogopa sungura. Hakumtupia sungura mapajani. Alimweka mbali huku mtoto akila chakula anachokipenda, kisha akamsogeza siku kwa siku, mpaka Peter akawa anamshika mwenyewe. Baadaye Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, akaitengenezea kanuni katika kitabu chake cha mwaka 1958: panga vitisho vyako kuanzia kidogo hadi kikubwa, tuliza mwili, kisha panda ngazi moja moja.

Basi tengeneza ngazi yako. Andika vitendo kumi hivi, na kila kimoja ukipe namba ya hofu kuanzia 0 hadi 10. Usiseme tu "naogopa maji". Hilo ni kubwa mno, halishikiki. Sema kitendo ambacho mtu akikutazama anaweza kuhakikisha kwamba umekifanya. Yangu ilianza na kusimama ukingoni mwa bwawa nikiwa nimevaa nguo zangu za kawaida, namba 3. Ikafuata kukaa ukingoni miguu ikiwa majini, 4. Kupuliza mapovu kwenye beseni nyumbani, 5. Kuzamisha uso wote kwenye beseni kwa hesabu ya kumi, 6. Kusimama kwenye maji ya kiunoni nikishika ngazi, 6. Maji ya kifuani bila kushika, 7. Kuzamisha kichwa chote, 8. Kuelea chali mkono wa mwalimu ukiwa chini ya kisogo, 8. Kuelea bila mkono, 9. Kwenda upande wa kina, 10.

Kanuni ya kupanda ni moja, nami naomba uishike kuliko yote niliyoandika hapa: usitoke wakati hofu iko kileleni. Ukitoka pale juu, umemfundisha mwili somo lilelile la zamani. Kaa. Usifanye kingine, usijilazimishe kusonga mbele, kaa tu pale ulipo na uitaje namba. "Ni nane. Bado nane. Sasa saba." Hofu ni kama maji ya bahari, ikijaa huwa lazima ipwe, maana mwili hauwezi kuendelea kuwaka kwa nguvu ileile muda mrefu. Kwangu mara nyingi ilishuka ndani ya dakika kumi na tano au ishirini. Namba ikifika nusu ya ilipoanzia, toka kwa hiari yako, polepole, kwa miguu isiyokimbia. Kesho rudia kitendo hichohicho. Kikifika 2 au 3, panda kinachofuata.

Beseni lilinichukua siku tisa. Nalisema hili kwa sababu utaona aibu kutumia siku tisa kwenye beseni, na aibu itakushauri uruke ngazi. Usiruke. Nilikuwa naliweka juu ya stuli uani, alfajiri kabla watoto hawajaamka. Siku ya kwanza nilizamisha mdomo tu, nikapuliza mara tatu, nikaacha. Siku ya nne maji yaliniingia puani, nikaruka nyuma, nikalowesha kanga yote, nikalia. Kisha nikarudi palepale, nikazamisha mdomo tu kama siku ya kwanza, ili kisiwe kilio kilichofunga siku ile. Ukishindwa kitendo kimoja, shuka ngazi moja, fanya kile unachokiweza, ndipo ufunge.

Juu ya pumzi kuna jambo ambalo walimu wengi hulipita haraka. Mwenye hofu huvuta hewa nyingi na kuibana. Anadhani anajiwekea akiba, kumbe anajikaza. Moyo huongeza kasi kidogo unapovuta pumzi na huipunguza unapoitoa. Kwa hiyo ufunguo uko kwenye kutoa. Vuta kwa hesabu ya tatu, toa kwa hesabu ya sita, midomo ikiwa kama unapoza chai. Fanya hivyo mara kumi kabla ya kugusa maji. Ndani ya maji, puliza. Pua inayopuliza haiingizi maji, na mtu anayepuliza mapovu hawezi wakati huohuo kubana pumzi kwa woga. Anayeogopa kuhutubia naye atumie hesabu hiyohiyo akiwa amekaa kwenye kiti, kabla jina lake halijaitwa.

Kuelea ndiko kulikonifundisha zaidi. Mapafu ya mtu mzima yaliyojaa hubeba kiasi cha lita nne hadi sita za hewa. Hilo ni boya ulilozaliwa nalo. Kinacholizamisha ni mapambano yetu. Kichwa cha mtu mzima kina kilo nne hadi tano hivi, na kila unapokiinua juu ya maji kwa hofu, uzito huo unakushindilia na miguu inashuka. Mfa maji haachi kutapatapa, ndivyo tulivyofundishwa, lakini kutapatapa huko ndiko kunakommaliza haraka. Laza kisogo mpaka masikio yazame. Inua kitovu kana kwamba unakionyesha juani. Fungua mikono. Usikie kimya kile cha chini ya maji na sauti ya pumzi yako mwenyewe.

Mwalimu wangu alikuwa mzee wa pwani, mvuvi aliyestaafu. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia ukweli wote, pamoja na habari ya mwaka 1996. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Maji hayana haraka, na mimi sina haraka." Aliniahidi mambo mawili: hatanisukuma, na hataondoa mkono bila kuniambia. Hakuvunja hata moja. Wiki ya saba akasema, "Sasa natoa mkono." Nikasema nane. Akasubiri. Nikasema sita. Akatoa. Nilikaa juu ya maji nikihesabu, nikafika arobaini, machozi yakinitiririka kuelekea masikioni, na hakuna aliyeweza kuyatofautisha na maji ya bwawa.

Ukitafuta mwalimu, mtafute wa namna hiyo. Mhoji kabla hujalipa: utafanya nini nikikataa? Akikujibu kwamba huwa anawatupa ndani wakajifunze wenyewe, muage. Ipo imani kwamba kumtupa mtu majini kunamtoa woga. Wachache wametoka huko wakiogelea. Wengi wametoka na hofu mbili, ya maji na ya watu. Ushujaa wa kulazimishwa ni wa yule aliyekusukuma, wewe hukuchagua kitu. Hii ni kweli pia kwa watoto wetu, na ninawasihi wajomba na kaka wakubwa waache mchezo huo.

Kuna hofu nyingine iliyojificha nyuma ya ya kwanza, nayo ni aibu. Mara nyingi ndiyo kubwa zaidi. Niligundua kwamba kuzama kulinipa 8, lakini kuonekana na vitoto vya miaka sita nikiwa nimeshika ukingo kulinipa 9. Ipe aibu ngazi yake mbali na ile ya maji. Nenda saa ambazo bwawa halina watu. Mchukue rafiki mmoja tu unayemwamini, siyo kundi. Vaa kinachokustiri, siku hizi nguo za kuogelea zinazofunika mwili mzima zinapatikana, na huko Unguja kaskazini mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamezivaa, bila kuwataka wachague kati ya heshima yao na uhai wao. Na ukichekwa, maana utachekwa, taja namba, kaa, isubiri ipwe kama ile nyingine.

Kwa anayejifunzia baharini, nenda na kalenda ya mwezi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana na kuvuta kwa nguvu. Siku za maji mafu bahari hutulia, nazo ndizo za mwanafunzi. Waulize wavuvi wa pale mahali penye mchanga na pasipo na mkondo. Maji ya chumvi hukubeba vizuri zaidi kuliko ya ziwa au bwawa, hivyo ukijifunza baharini usishangae kujiona mzito kidogo siku utakayoingia maji baridi.

Kwa hofu isiyo ya maji, ngazi inajengwa vilevile. Anayeogopa kuzungumza hadharani asianze na harusi ya watu mia tatu. Asome kwa sauti chumbani. Amsomee dada yake. Kwenye kikoba aulize swali moja, hata dogo, kabla kikao hakijafungwa. Msibani aombe kusoma majina ya waliotuma rambirambi. Kila kimoja akirudie hadi kimchoshe, kwa sababu uchovu ni dalili njema: hofu imekosa la kusema. Aliyepata ajali ya gari akae kwanza kwenye kiti cha dereva gari likiwa limezimwa, jioni tano mfululizo. Lakini kama hofu yako inakuja bila sababu usiku, inakuamsha, inakurudishia picha za jambo baya lililokupata, usibaki na makala peke yako. Nenda hospitali, uliza mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili, panda ngazi hii ukiwa naye.

Utarudi nyuma. Baada ya mwezi wa nne, nilipokuwa naweza kuvuka upana wa bwawa, niliugua malaria, nikakaa wiki tatu bila kuingia. Niliporudi, maji ya kifuani yalikuwa 7 tena. Niliumia sana, nikaona kazi yote imepotea. Haikuwa imepotea: ile 7 ilishuka ndani ya dakika nne. Unaporudi nyuma, usiangalie hofu imepanda hadi wapi, angalia inachukua muda gani kushuka.

Na usitumie pombe kujipa moyo. Majini inaua, na hata jukwaani hakuna unachojifunza, kwa kuwa anayevuka siyo wewe.

Nimesema sana juu ya mwili mmoja, lakini jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, karibu robo yao watoto wa chini ya miaka mitano. Mzazi anayeogopa maji huwafungia watoto wake nje ya maji, na watoto huenda majini bila yeye. Kwa hiyo jifunze na moja zaidi: ukimwona mtu anazama na wewe si hodari, usimfuate. Piga kelele, mtupie dumu tupu lililofungwa kifuniko, kamba, tawi, hata kanga uishike ncha moja. Wengi hufa wawili wawili kwa kumfuata mtu. Baada ya yote niliyopitia, hilo ndilo ninalolifanyia mazoezi na binti yangu: mimi nashika kamba, yeye anarusha dumu.

Desemba iliyopita tulikwenda Mwanza, tukapanda kivuko cha Kamanga kwenda ng'ambo, mara yangu ya kwanza kuwa juu ya ziwa lile. Namba ilikuwa 9 tukiwa foleni. Nilitafuta kwanza mahali majaketi yalipo, nikamwonyesha mtoto, nikasimama karibu na ukingo ambapo naona maji. Katikati ya safari ikawa 5. Nilitazama upande wa Bukoba, nikamtaja yule jirani yetu kwa jina lake kwa sauti ya chini.

Jioni nikamsimulia mama. Ana miaka 71 na hajawahi kupanda chombo chochote tangu mwaka ule. Hakusema kitu. Asubuhi nilimkuta uani ameweka beseni juu ya stuli, amejifunga kanga kifuani, ananisubiri.

"Unaanzaje?" akauliza.

Nikamwonyesha. Siku ya tatu alizamisha uso hadi kwenye mashavu, akainuka akihema, akashika mkono wangu kwa nguvu.

"Ngapi, mama?"

"Saba."

"Basi tukae hapahapa kidogo," nikamwambia, nikasogeza kigoda karibu.